Mama na Stempu za Atomiki

Harufu ya karatasi iliyolowa ndiyo iliyonikamata. Mvua za mwaka huu zilipata upenyo kwenye paa la nyumba yetu hapa Nzuguni, maji yakashukia kabati nililohifadhia vitu vya marehemu mama, na nilipofungua mlango wake nikapokewa na gundi ya zamani iliyoamka, karatasi mbichi, na kitu kitamu kidogo nisichokijua jina. Nilikuwa na tambara mkononi, nimekuja kupangusa. Nikakaa sakafuni nisipanguse chochote.

Nilikuwa tena Mpwapwa, mtoto wa darasa la nne au la tano, nimechutama mbele ya beseni la maji pamoja na mama, Jumamosi mchana, kuku wakiparua nyuma yetu.

Mama alikuwa karani wa masjala kwenye kituo cha utafiti wa mifugo. Barua za kituo kile zilitoka pande zote za dunia, maana watafiti wa ng'ombe na malisho wanaandikiana kama watu waliosoma darasa moja. Mabwana wakubwa walichukua barua zao na kuacha bahasha. Mama akazikata pembe kwa mkasi, akazitia kwenye mkoba wake, na mwisho wa juma tukaziloweka. Ilikuwa lazima kusubiri. Ukiivuta stempu kabla gundi haijaachia, inachanika. Mama alinifundisha kuitazama tu, mpaka yenyewe inajitenga na bahasha na kuelea juu kama jani, ndipo anaiokota kwa kibanio na kuilaza juu ya gazeti.

Mwanzoni alikusanya stempu yoyote. Maua, wafalme, treni, samaki. Kisha siku moja akaziweka tatu kando, akaniita.

"Njoo uone. Hii ya wapi? Na hii? Na hii?"

Zilitoka nchi tatu ambazo hata mimi nilijua, kwa kusikia redio ya baba, kwamba hazipatani. Lakini zote zilikuwa na mchoro mmoja: kitone katikati, na pete kadhaa zilizopishana kukizunguka.

"Ni nzi wanazunguka taa," nilisema.

"Labda," alisema mama. "Lakini kwa nini watu wasiosalimiana wachore nzi wale wale?"

Swali hilo lilimkaa. Jumatatu alikwenda kumuuliza daktari mmoja wa mifugo pale kituoni, akarudi nyumbani na uso kama wa mtu aliyeonyeshwa kitu na bado anakiona. Alituambia, mimi na baba, tukiwa tunakula, kwamba kila kitu duniani, ugali huu, meza hii, ukucha, jiwe, kimejengwa kwa vitu vidogo mno viitwavyo atomu, na kwamba katikati ya kila atomu kuna kiini, na ndani ya kiini kuna nguvu ambayo watu wamejifunza kuifungua. Nchi nyingi zinaposherehekea siku ya kugundua jambo hilo, au kujenga mtambo wake wa kwanza, zinatoa stempu.

Baba, ambaye alikuwa fundi wa magari ya kituo, alimega tonge. "Kwenye ugali huu?" akauliza.

"Kwenye ugali huo."

Akautazama ugali wake kwa heshima mpya, kisha akaula.

Mimi nililishika neno moja. Kiini. Nilikuwa nakijua kiini, kila mtoto anakijua. Kesho yake nilichukua yai kwenye kiota, nikalipasua taratibu juu ya bakuli, nikakitazama kile kiduara cha njano kilivyotulia katikati ya ute wake, na nikaona jinsi kilivyofanana na mchoro wa kwenye stempu. Nikachukua kijiti. Nikarudisha kichwa nyuma, nikafumba jicho moja, nikakichoma.

Kikamwagika. Mama alinikuta nimeduwaa mbele ya bakuli. Hakunigombeza.

"Umeona nini?"

"Kimemwagika tu. Hakuna nguvu."

"Basi siyo chenyewe. Kikaange ule."

Tangu hapo mama hakutafuta stempu nyingine ila za atomu. Wale madaktari wa kituo walipojua, wakaanza kumletea wenyewe. Mmoja alimpa stempu yenye mbung'o, akamweleza kwamba wapo wataalamu wanaowapiga mbung'o dume kwa mionzi kisha kuwaachia porini, wanapandana na majike lakini mayai hayaangui, na kizazi chao kinakoma. Mama alicheka hadi akakaa chini. Alikuwa amezaliwa kwenye boma ambalo ng'ombe wote waliwahi kuisha kwa ugonjwa wa nzi hao.

Nyingine ilikuwa na mwanamke mwenye nywele zilizofungwa kisogoni, ameinua chupa ndogo inayong'aa. Hiyo ndiyo mama aliyoipenda kupita zote. Alihadithiwa habari zake naye akanihadithia mimi: mama huyo wa Ulaya alichemsha marundo ya mawe kwenye banda linalovuja, akakoroga kwa fimbo ndefu ya chuma, miaka na miaka, kama mtu anayepika pombe ya sherehe isiyofika. Mwishoni akabaki na chembe kiasi cha kuweka kwenye ukucha, na chembe hiyo ikatoa mwanga yenyewe, bila moto.

"Bila moto kabisa?"

"Bila moto, bila betri, bila kuchoka. Akaipenda, akaikaribia mno, nayo ikamla taratibu."

Zilikuwepo mbili nilizopachika majina mwenyewe. Ya kwanza niliiita ya uyoga, kwa kuwa ilikuwa na uyoga mkubwa mweupe umeota juu ya bahari, na njiwa mbele yake. Niliupenda uyoga ule. Sisi huku uyoga ukiota tunajua mvua zimekubali. Ya pili niliiita ya nge. Ilikuwa na mdudu mwenye makoleo mawili na miguu mingi, na mshale wa mwanga ukimchoma mgongoni. Mpwapwa tunawajua nge. Tulikung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Nilidhani atomu ni dawa ya nge.

Mwaka ule ule mama akaota uvimbe shingoni, chini ya taya. Kwanza ulikuwa kama punje ya njugu. Alifunga kitambaa, akaenda kazini. Ulipofika ukubwa wa limau, baba alimpeleka Dodoma mjini, wakakaa huko siku kadhaa, na shangazi, dada yake baba, akaja kukaa nami.

Katikati ya siku hizo mwalimu wetu alitufundisha habari za vita vikuu. Akachora ubaoni kwa chaki. Alichora uyoga.

Nilinyoosha mkono kwa furaha. "Mwalimu, huo nyumbani tunao!"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Huu si uyoga," alisema. "Hili ni wingu la bomu la atomiki. Lilidondoshwa juu ya mji asubuhi, watu wakienda kazini na watoto wakienda shule. Hawakufika." Akaendelea kueleza joto lake na ugonjwa uliowafuata waliobaki, nami nilishusha mkono wangu polepole nikaukalia.

Nilipotoka shule nilimkuta shangazi uani na jirani, wanamenya karanga. Nikawasalimia, nikakaa kumenya nao.

"Wamesema ni saratani," shangazi alikuwa akisema. "Anatakiwa Dar es Salaam, akachomwe mionzi."

"Mionzi ndiyo nini?" aliuliza jirani.

"Sijui sana. Nasikia ni kitu kile kile cha atomiki. Cha bomu."

"Yesu wangu," alisema jirani.

Kiganja changu kilifunguka, karanga zikamwagika vumbini, na kuku wakazikimbilia. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Mama alirudi kutoka Dodoma kwa ajili ya kufungasha tu. Ilikuwa asubuhi, mwanga wa dirishani umeangukia kitandani penye begi lililo wazi, naye alikuwa akikunja kanga. Nilisimama mlangoni.

"Mama, usiende."

"Nani amekwambia nini?"

"Watakuchoma. Ni ile ya uyoga, mwalimu amesema uliua mji mzima. Shangazi amesema ni kitu kile kile."

Aliacha kukunja. Aliinama kwenye begi, na kutoka chini ya nguo akatoa albamu ya stempu. Alikuwa ameifungasha. Akaifungua mapajani, akanivuta nikae karibu naye, akaweka kidole chini ya uyoga na kidole kingine chini ya nge.

"Unauliza kama hiki na hiki ni kitu kimoja?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ni kitu kimoja."

Leo nami ni mama wa watoto, na najua ingekuwa rahisi kiasi gani kusema hapana. Hakusema.

"Hapa," alisema juu ya uyoga, "wamekifungulia chote kwa pamoja, kikaangukia kila mtu. Hapa wanakitoa kidogo kidogo, kwa kipimo, wanamlenga nge peke yake. Mdudu huyu wamemchora badala ya saratani. Nge wangu yuko hapa." Akagusa kitambaa cha shingoni.

"Wakikosa?"

"Hilo hata mimi naliogopa."

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akisema anaogopa. Nilimwangalia nikitegemea kuona kitu kimebadilika usoni mwake, lakini alikuwa mama yule yule, ana kanga nusu imekunjwa mkononi. Kisha tukaimalizia kuikunja pamoja, yeye ncha zile, mimi ncha hizi.

Shule zilipofungwa, baba alinichukua twende kumwona. Tulipandia treni Gulwe. Njiani sikutaka kula. Kichwani nilikuwa na picha ya mama mwenye moto shingoni, na kila nilipoifukuza ilirudi.

Tulimkuta amekaa kwenye benchi, kwenye baraza la wodi, na wanawake wengine. Alikuwa amekonda. Shingo yake ilikuwa nyeusi upande mmoja, ngozi imekauka kama ya mtu aliyekaa karibu na jiko, na juu yake palichorwa mistari ya wino wa zambarau, misalaba na duara. Nilisimama mbali nikiitazama.

"Wamenigonga muhuri," alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Sasa siwezi kupotea njiani."

Baba alicheka, kisha akageukia ukutani akapangusa macho.

Jirani yake wa kitanda alikuwa mama mmoja mnene wa Kilwa, Bi Mwanaidi, aliyejifunga leso kichwani na kuuweka mguu uliovimba juu ya kigoda. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe mwenye stempu? Mama yako ametusomesha hapa mpaka tumehitimu."

Kumbe mama alikuwa ameipitisha ile albamu wodi nzima. Wanawake wa Kigoma, wa Ukerewe, wa Songea, waliosubiri zamu zao za kuingia kwenye mashine, waliifungua kwa zamu, wakimwuliza huyu ni nani na hili ni nini. Mama aliwaeleza yule mwanamke wa chupa. Walimpenda wote. Mmoja alikuwa akimwita "mkwe."

Nilimwonyesha Bi Mwanaidi stempu yangu. "Huyu ndiye nge wa mama."

Aliisogeza karibu, akaitenga mbali, kisha mwili wake wote ukaanza kutikisika kwa kicheko.

"Nge! Jamani watu wa bara! Huyu kaa, mwanangu. Anakaa baharini, kwenye matope ya mikoko. Hamumjui kaa?"

Hatukumjua. Baba, mama, mimi, tulitazamana.

"Ana sumu?" niliuliza.

"Sumu? Sisi tunamla. Unamchemsha, unavunja hili koleo, unanyonya nyama, halafu mchuzi wake wa nazi..." Alifumba macho. "Nikitoka hapa utakuja Kilwa nikupikie."

Siwezi kueleza vizuri jambo hilo lilinifanyia nini. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimelala na mdudu yule, na kumbe wapo watu duniani wanaokaa mezani na kumnyonya makoleo.

Asubuhi iliyofuata zamu ya mama ilipofika, nilimfuata hadi mlangoni. Alikuwapo dada mmoja wa mashine, mwenye koti jeupe, msichana bado, na labda alichoka kuniona nikichungulia.

"Unataka kuona?"

Mama alilazwa juu ya meza nyembamba, kichwa kimebanwa na vifuko vya mchanga ili asitikisike. Juu yake kilining'inia kichwa kikubwa cha chuma. Yule dada alipima, akalinganisha mwanga mdogo wa taa na misalaba ya wino, akasema, "Mama, usijitingishe." Kisha sote tukatoka. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba sote tulitoka. Mlango ulikuwa mnene kuliko ukuta wa nyumba yetu, nao ulipofungwa nilihisi hewa ikisogea masikioni. Mama akabaki peke yake na kile kitu.

Nje palikuwa na televisheni ndogo ya kumwangalia. Yule dada akabonyeza. Nikasubiri mwanga, nikasubiri moshi, nikasubiri mama apige kelele.

Hakukuwa na kitu. Mngurumo mdogo tu, kama wa friji. Mama amelala. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Bado hujawasha?" niliuliza.

"Nimeshawasha. Ndiyo inaendelea."

"Mbona hakuna kitu?"

"Kipo. Macho yetu ndiyo hayakioni."

"Kinatoka wapi?"

Alionyesha kichwa cha mashine kwenye kioo. "Mle ndani kuna kipande cha chuma. Kidogo, kingeingia kwenye kiganja chako, ingawa usingepaswa kukishika kamwe. Viini vyake vinavunjika vyenyewe, sasa hivi, na jana, na usiku watu wote wakilala. Hakuna anayeviwasha wala anayeweza kuvizima. Sisi tunafungua dirisha na kulifunga, basi."

Nilikitazama kile kioo. Nilikuwa nimevunja kiini kwa kijiti nikitafuta nguvu, na hapa nguvu yenyewe ilikuwa inapita shingoni mwa mama yangu bila kutikisa hata ncha ya kanga yake. Haikuwa hofu tena, au ilikuwa hofu ya namna nyingine, ile ambayo watu wanavulia viatu.

Alipotoka nilimwuliza kama alikuwa anasali.

"Nilianza na sala ikaisha," alisema. "Nikahesabu nchi. Nafungua albamu kichwani, ukurasa wa kwanza, wa pili. Nikifika ya kaa wanafungua mlango."

Mama alirudi Mpwapwa mihogo ikiwa imeshaanza kuanikwa. Tulikwenda kumpokea Gulwe, baba na mimi. Alishuka akiwa mwembamba, kitambaa shingoni, na chini ya taya palikuwa tambarare, uvimbe haupo. Baba alimshika mikono yote miwili mbele za watu. Mimi nilibeba begi lake nikatembea nyuma.

"Bi Mwanaidi amerudi Kilwa?" niliuliza tulipokuwa njiani.

Mama alitazama vilima. "Hakurudi, mwanangu," alisema.

Nyumbani chakula hakikumpita kooni. Mate yalikuwa yamemkauka na ulimi hauonji, kila kitu kilikuwa kama makapi. Shangazi akampikia mlenda, ukateleza, ukashuka. Kwa muda mrefu aliishi kwa mlenda na uji. Uvimbe haukurudi tena. Aliendelea na masjala hadi akastaafu, akanioza, akawabeba wanangu mgongoni, na kilichokuja kumchukua mwaka jana kilikuwa moyo, siyo kaa. Lakini siku zile hatukujua lolote kati ya hayo, na mimi nilikuwa na shida yangu. Sikumsogelea. Nilimpa maji nikiwa nimenyoosha mkono wote. Akikaa mkekani, mimi nilikaa kwenye ngazi.

Aliliona hilo siku chache, kisha mchana mmoja, baba akiwa kazini, akaniita.

"Mbona hunisogelei?"

Nilichora chora chini kwa kidole cha mguu. "Yule mama wa chupa, kitu kile kilimwingia kikang'aa. Nawe kimekuingia."

Nilitegemea acheke. Aliinua mkono akagusa shingo, polepole, kama mtu anayegusa mfuko kuangalia kama ufunguo umo.

"Waliniambia hakibaki," alisema. "Wameniambia kinapita tu. Lakini kwa macho yangu sijajitazama."

Tukatazamana. Kisha akainuka, akanishika mkono kwa mara ya kwanza tangu arudi, na tukaingia kwenye stoo ya mtama, chumba kisicho na dirisha. Aliziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia. Giza likatufunika, zito, lenye vumbi la nafaka. Nikamsikia akifungua kitambaa cha shingoni.

"Subiri macho yazoee," alisema.

Tukasubiri. Nilitoa macho mpaka yakauma. Nilikuwa tayari kuuona ule mwanga usio na moto, na sijui hata leo kama nilikuwa nauogopa au nautaka. Pumzi yake ilikwaruza karibu na sikio langu, ikaingia, ikatoka. Nikanyoosha vidole nikaigusa ngozi yake iliyoungua. Ilikuwa ya moto wa kawaida, wa mtu, na chini yake mshipa ulikuwa unapiga.

"Unaona nini?" alinong'ona.

"Giza tu."

"Tazama vizuri."

"Huwaki, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Hapo akakaa chini juu ya magunia, akanipakata kama mtoto mdogo, na tukabaki mle gizani mpaka shangazi alipoanza kutuita uani, akizunguka nyumba nzima, asijue tulikokwenda.